Mama na Mkwewe Ndani ya Kosta Moja

Safari hii niliipanga mimi, na sababu yake naisema mapema, msomaji asije akadhani tulikwenda ziwani kuogelea tu. Mama yangu anaishi peke yake Kanazi, Ngara, tangu baba alipofariki. Masika yaliyopita aliteleza shambani, kwenye migomba, mvua ikinyesha, akakaa pale chini hadi jirani aliyekuja kuazima jembe alipomkuta. Kaka Deo, ambaye ndiye alikuwa karibu naye, amehamishiwa Sumbawanga kikazi. Nimebaki mimi, fundi cherehani wa Biharamulo mjini, mwenye nyumba nzuri na kiwanja kipana. Nafasi ipo, chakula kipo, na mama ananipenda. Tatizo ni mume wangu.

Msinielewe vibaya. Masanja ni mtu mwema kabisa. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Kaniha na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na yeye ni dereva wa fuso, mpole kupita kiasi. Ila ni mkwe wa mama yangu, na kwao kama ilivyo kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Miaka yote ya ndoa yangu, mama akija Biharamulo, Masanja hupata safari ya ghafla ya kupeleka mahindi. Masanja akienda Kanazi, mama huingia jikoni kwa mlango wa nyuma na kubaki humo mpaka gari liondoke. Sasa watu wa namna hiyo utawaweka vipi kwenye nyumba moja? Nikawaza: kwanza nitawaweka kwenye gari moja. Likizo ya Desemba, ukoo mzima, kosta moja, twende tukalione ziwa. Wakikaa siku kadhaa pamoja watazoeana tu, na mama atakubali kuhamia kwangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza mimi, mwenye akili nyingi.

Kanazi tuliondoka asubuhi, migomba bado inadondosha maji ya mvua ya usiku. Kosta Masanja aliiazima kwa tajiri wake, na usiku alilala ndani yake, barabarani, hakukanyaga hata uani kwa mama. Watu walijaa: shangazi zangu, Deo na mkewe na watoto, binamu zangu kutoka Murusagamba, na wifi yangu Shija, dada yake Masanja, aliyekuja kutoka Kaniha na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, wa kutafuna njiani. Mama alitoka wa mwisho, kitenge kipya, khanga kichwani, rozari mkononi, na furushi la maharage.

"Mama, tunakwenda kupumzika. Maharage ya nini?" nikamuuliza.

"Tunalala kwa watu au porini?" akanijibu. "Kwa watu haendi mtu mikono mitupu."

Akapita katikati ya siti zote mpaka benchi la mwisho, akajibana kati ya mifuko na dirisha. Masanja akangoja nje, akiangalia matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mama alipokwisha kukaa, akapanda kwa mlango wake wa dereva, akanyoosha mkono, akakigeuza kile kioo cha ndani kikaangalia dari.

"Utaonaje nyuma?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Vya pembeni vipo."

"Yesu wangu! Watu wote hawa, dereva hataki kuona nyuma!"

Akawasha gari.

Kutoka Ngara mjini kuteremka kuelekea Benaco barabara inajikunja sana, na milima ya huko kwetu haina haraka ya kuisha. Ukitazama upande mmoja ni bonde na mashamba, upande mwingine ni vilima vinavyokwenda mpaka Burundi. Watoto walikuwa wanaimba. Mimi nilikaa katikati ya gari kwa makusudi, maana nilijua nitakuwa daraja. Na kweli, kona ya tatu tu, sauti ya mama ikaja kutoka nyuma.

"Mwambie dereva apunguze mwendo kwenye kona."

Masanja alisikia. Kila mtu alisikia. Lakini ujumbe haujafika mpaka ufikishwe, basi nikageuka mbele nikasema, "Mama anashukuru unavyoendesha vizuri, ila upunguze kidogo."

"Mwambie mama nimepunguza," akasema Masanja.

Nikageuka nyuma. "Anasema amepunguza, na anasema Biharamulo pale ni kwako, ukitaka hata kuhamia uhamie."

Gari zima likaangua kicheko. Shija akanigonga begani. "Wifi, hayo ya kuhamia kayasema saa ngapi? Mbona mimi niko karibu naye zaidi yako?"

"Kayasema moyoni," nikamwambia.

Mama hakucheka. Alirudi kwenye rozari yake, akatazama nje ya dirisha mpaka tukaipita Benaco.

Tulipofika Nyakahura, trafiki akatupiga mkono. Alikuwa mtu wa makamo, viatu vinang'aa ingawa tope lilikuwa kila mahali. Alikagua leseni, akakagua stika, kisha akainua macho akakiona kile kioo.

"Dereva, kioo hiki kinatazama nini huko juu?"

Masanja akatazama usukani. Namjua mume wangu, alikuwa tayari kuadhibiwa kuliko kulitaja jambo lile mbele ya mama. Nikamsemea mimi. "Afande, mama mkwe wake amekaa nyuma."

Akainama, akachungulia kupitia mlango wa abiria mpaka akamwona mama kule mwisho, amejifunika khanga mpaka kwenye macho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akarudi kwa Masanja, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndugu yangu, na mimi nina mkwe. Lakini gari la abiria bila kioo siwezi kuliruhusu. Sikia, huyo mama msimweke mwisho. Mwisho ndiko kioo kinakotazama. Mleteni akae hapa, nyuma kabisa ya kiti chako. Hapa hata ukitaka kumwona humwoni."

Tulishangaa sote. Mtu aliyetafuta umbali mkubwa kuliko wote akaletwa mbele, akakaa nyuma ya mgongo wa mkwewe, baina yao kiegemeo cha siti tu. Masanja akakigeuza kioo, akatazama, akaona abiria wote isipokuwa mmoja. Nikajisemea moyoni kwamba Mungu ametumia trafiki, kazi imekwisha. Wapi! Waliendelea kusemezana kupitia kwangu vilevile, na mimi sasa niko nyuma yao wote wawili.

"Mwambie dereva dirisha lake linaleta upepo."

"Masanja, dirisha."

"Mwambie mama nimefunga."

Biharamulo tulifika alasiri. Wengine wakalala kwangu, wamebanana kwenye mikeka sebuleni, watoto kwa furaha zao. Mama alisimama barazani, akanywa chai hapo hapo akiwa amesimama, kisha akaomba apelekwe kwa jirani yangu, Mama Anitha, anayesali naye jumuiya akija. Chumba nilichomwandalia, chenye shuka jipya nililoshona mwenyewe, kikabaki kitupu. Niliumia sana, sitaficha. Jioni nikamkamata Masanja nyuma ya nyumba, anaosha gari.

"Miaka yote hii mnakimbiana. Mama akianguka tena kule shambani, itakuwaje?"

"Mimi simkimbii. Namheshimu."

"Heshima gani ya kukimbiana?"

Akakamua kitambaa polepole. "Hiyo hiyo," akasema, akahamia tairi la pili.

Kesho yake tuliondoka mapema kuelekea kaskazini. Baada ya Biharamulo msitu unakukaribia pande zote mbili, na kuna mahali nyani wanakaa kando ya lami wakitazama magari bila adabu yoyote. Tulipita Kasindaga, tukaelekea Kyamyorwa. Gari lilikuwa limetulia, watu wanatafuna michembe ya Shija, na juu ya mngurumo wa injini ilisikika sauti ya mama ikisali rozari, chini chini, salamu baada ya salamu. Nilikuwa nimesinzia kidogo gari liliposimama.

Hapakuwa na kituo wala mtu barabarani. "Umesimama nini?" nikamuuliza Masanja.

"Mama ameacha kusali," akasema.

Nikatazama mbele. Kulia kwetu, kule chini mwisho wa mteremko, ziwa lilikuwa limejitandaza lote, jeupe kwa jua la asubuhi, halina upande wa pili. Mama alikuwa ameshika rozari, imesimama kwenye punje moja, na mdomo wazi. Maisha yake yote maji aliyoyajua ni ya mto na ya kisima. Hakuna aliyemwambia Masanja asimamishe gari. Alikuwa ameendesha njia nzima akiisikiliza sauti ile nyuma ya shingo yake, na ilipokatika akajua.

Tulishuka wote, isipokuwa yeye. Mama akasimama ukingoni mwa barabara, mkono kiunoni.

"Ng'ambo yake iko wapi?" akauliza.

"Haionekani, mama," Deo akamwambia.

"Haionekani, lakini ipo?"

"Ipo."

Akatikisa kichwa, akatazama tena kwa muda mrefu. Kisha akasema tusiwacheleweshe wenyeji, tukapanda. Kuanzia hapo barabara ilituonyesha ziwa na kulificha, mlima huu linaonekana, mlima ule halipo, na watoto wakawa wanapiga kelele kila linapotokea. Masanja alipunguza mwendo kila mara, bila kuambiwa.

Kijiji cha ufukweni tulichofikia kiko mbele kidogo ya Muleba. Mwenyeji wetu, Ma Regina, ni Mhaya mnene mcheshi anayepangisha vyumba kwa watu wa harusi na wa likizo. Aliyapokea maharage ya mama kwa mikono miwili, akayanusa, akasema, "Haya ni ya Ngara, najua. Mama, umenipa zawadi." Mama akanitazama kwa jicho la pembeni, na mimi nikatazama kuku.

Tulifurahi, lazima nikiri. Asubuhi wanawake na watoto waliingia majini, mama akikaa kwenye mchanga na sketi imepandishwa kidogo, miguu ndani ya maji, akicheka kila wimbi likija. Wanaume walikaa nyuma ya nyumba mpaka tulipotoka, ndipo wao wakaenda. Hakuna aliyepanga zamu hiyo kwa maneno. Jioni watoto walikwenda kuchezea taa na kurudi na senene, panzi wa kuliwa, kwenye chupa, na Ma Regina akawakaangia.

Lakini mimi nilikuwa nahesabu kwamba likizo inakwisha na jambo langu halijasogea. Basi siku ya mwisho pale, mchana, nikafanya nililofanya. Ma Regina alikuwa ametandika meza ndefu chini ya turubai: ndizi, sato wa kukaanga, maharage ya mama yenyewe. Nikamkalisha mama upande mmoja. Kiti cha kumkabili nikakiacha wazi. Kisha nikamwita Masanja kwa sauti kubwa, "Njoo, chakula tayari!" Nilijua akija mbele ya watu wote atashindwa kurudi, atakaa, atakula, na dunia haitapasuka.

Masanja alikuja anafuta mikono. Alipofika kwenye turubai akamwona mama, na mama akamwona yeye, uso kwa uso. Masanja akageuka hapo hapo, akaondoka bila kukimbia, kichwa chini, na tangu hapo sikumwona mezani. Mama akavuta khanga ikafunika uso mzima, akaisukuma sahani yake.

Watoto waliacha kula, wakatazamana.

"Mama, kula," nikasema.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema ndani ya khanga. "Kesho nirudisheni Kanazi. Na hayo ya kuhamia kwako yasitajwe tena."

Shija akanishika mkono akanitoa pale. Nilikwenda nyuma ya jiko la Ma Regina nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimemkosa mama mara mbili, nimemkosa kwangu na nimemkosa kwenye likizo ambayo angeikumbuka. Ma Regina akaja na kikombe.

"Mwanangu," akasema, "mpelekee mama yako chai. Yuko kule ufukweni kwenye mitumbwi. Usiseme kitu, mpelekee chai tu."

Alasiri ile upepo ulikuwa umelala. Nilishuka na vikombe viwili, cha mama na changu. Kwenye mchanga palikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao umepinduliwa, fundi ameuacha ukauke kabla ya kuupaka lami. Upande wa ziwa nikamwona mama amekaa, ameegemea mbao, uso majini. Nikapiga hatua nyingine mbili nikaona na miguu ya upande wa pili. Masanja alikuwa ameketi upande wa nchi kavu, mgongo kwenye mtumbwi uleule, uso kwenye migomba. Nikasimama. Walikuwa wanazungumza, na wote wawili walikuwa wanaongea na mtumbwi.

"Wewe mtumbwi," mama alikuwa anasema, "mimi kaburi la mume wangu liko Kanazi. Nikihama, nani atalipalilia?"

Masanja hajibu haraka hata siku moja.

"Mtumbwi," akasema, "mimi huenda Ngara kila mwezi kuchukua maharage. Anayetaka kwenda kupalilia, nafasi ipo."

"Na kwenye nyumba ya mkwe silali."

"Mtumbwi, kiwanja chetu kina mwisho wake kule kwenye mparachichi. Pale inakaa nyumba ya vyumba viwili. Jiko lake, choo chake, uzio katikati. Huo utakuwa mji wake mwenyewe, si wangu. Mimi nikitaka kuja, nitakohoa kwenye uzio."

Mama alichukua mchanga kiganjani akauachia udondoke. "Na mlango?"

"Mlango utaangalia Ngara."

Nilimwona mama anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Baadaye akasema, "Basi, mtumbwi, umesikia nilivyokubali. Na umwambie huyo binti yangu aache kututandikia meza."

"Hilo, mtumbwi," akasema Masanja, "hata mimi limenishinda."

Wakacheka, mmoja akitazama maji na mwingine akitazama migomba. Na mimi nimesimama pale na chai inapoa. Nilisikia furaha, na ndani ya furaha ile kulikuwa na wivu, nisiseme uongo. Miaka yote nilidhani watu hawa hawajuani. Walikuwa wanajuana vizuri sana, bila mimi. Niliviweka vikombe, kimoja upande huu na kimoja upande ule, nikapanda juu.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kimya zaidi, watoto wamechoka na wameungua jua. Mama alikaa siti yake ile ile nyuma ya dereva, na nilipoona wengine wamelala nikamsogelea.

"Mama, mlianza kuzungumza lini?"

"Tangu ulipoolewa."

"Mama! Hamjawahi kuzungumza!"

"Aliponiletea bati la jiko akaliacha kwenye uzio usiku, hakuzungumza? Nilipompelekea ndizi za kuivisha kila Krismasi, kwa mkono wako mwenyewe, sikuzungumza?" Akanipiga kofi dogo gotini. "Tulikuwa tunazungumza. Wewe ndiye ulikuwa hunyamazi."

Nilikwenda ziwani nikidhani ninakwenda kuvunja ukuta. Nilichojifunza ni kwamba ule haukuwa ukuta. Ulikuwa ni namna yao ya kukaa karibu, na kila nilipoubomoa kidogo niliwasukuma mbali. Nawaandikia hili ninyi mnaopanga safari za ukoo mkubwa: siti zipangeni, vyakula vipangeni, lakini heshima ya watu waacheni waipange wenyewe.

Tulipofika Biharamulo mchana, kabla ya kuendelea na Ngara, Masanja aliingiza gari mpaka uani kwetu. Akashuka, akakata mti mwembamba, akatembea mpaka mwisho wa kiwanja, karibu na mparachichi, akasimama ametupa mgongo. Mama alibaki garini. Akafungua dirisha, akatazama ardhi ile, si mtu aliyesimama juu yake. Mimi nilikuwa chini, katikati yao.

"Mwambie asogee mbele kidogo," mama akasema. "Hapo maji ya mvua yatapita."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa mengi, mnanijua sasa. Nikayameza.

"Mbele kidogo," nikasema. "Hapo maji yatapita."

Masanja akapiga hatua mbili.

"Hapo," akasema mama.

"Hapo," nikasema mimi.

Masanja akauchomeka mti ardhini.